Mbuyu wa Bwana Nyani

Zamani, kabla nyani hawajajua maana ya neno mwekezaji, mji wa Mbuyuni ulikuwa na njia moja ya kwenda mtoni. Njia hiyo waliikanyaga tembo wa enzi za mababu, upana wa tembo wawili wakipishana bila kugusana masikio, na mwisho wake palikuwa na gogo lililolazwa juu ya korongo. Gogo hilo ndilo lilikuwa daraja. Alfajiri mji mzima ulishuka mtoni, magharibi mji mzima ukapanda. Saa nyingine zote kenge waliota jua katikati ya njia wala hakuna aliyewakanyaga mkia. Mji ulikuwa wa vichaka na mashimo, na mkazi akihesabu majirani wake hakufika saba.

Ndipo Bwana Nyani akanunua kiwanja kando ya njia, palipokuwa na kichaka cha sungura, akasimamisha bango. Mchoraji alikuwa ameonyesha mbuyu wa matawi kumi, kila tawi nyumba kumi na mbili, na mbele yake njia ya mtoni, pana, safi, haina kiumbe isipokuwa swala mmoja anayetabasamu. Waliosimama kulitazama bango hilo walikuwa wengi hata njia ikaziba mpaka adhuhuri.

Sheria ya Mbuyuni haikuwa mbaya. Ilisema anayetaka kujenga alete kwanza barua ya mtaalamu, ieleze miguu mingapi itaongezeka njiani, saa ngapi, na mjenzi atafanya nini ili wenzake wapite. Ilisahau jambo moja tu: nani amlipe mtaalamu. Basi akalipa Bwana Nyani. Mtaalamu wa mji alikuwa Kinyonga, msomi aliyejaliwa jicho moja la kutazama njia na la pili la kumtazama mlipaji.

Kinyonga alihesabu, hakuna wa kumsingizia kwamba hakuhesabu. Alikaa tawini kutwa nzima, siku ambayo shule ya ngedere ilikuwa imefungwa na mvua imenyesha tangu usiku, akaandika kila mguu uliopita. Ama miguu itakayotoka mbuyuni, aliitafuta katika kitabu kilichoandikwa nchi ya mbali na mabata wa huko, ambao kila mmoja ana bwawa lake mlangoni na hana sababu ya kwenda mtoni. (Wanadamu nao wana kitabu cha namna hiyo. Wahandisi wa Marekani walianza kukichapa 1976, na kwa miaka mingi hesabu zake zilitoka zaidi kwenye vitongoji vyao, ambako mtu akitaka mkate huwasha gari. Kimesafiri mbali sana kitabu hicho.) Jibu likatoka: mbuyu utaongeza miguu mitatu katika kila mia. "Athari ni ndogo," Kinyonga akaandika, "na inavumilika."

Barua ilipofikishwa kikaoni, Mama Kanga akanyoosha bawa. Alikuwa na vifaranga tisa na hakuwa na punda, kama walivyo wengi Mbuyuni.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, nimetafuta daraja humu ndani silioni."

"Daraja liko nje ya eneo la utafiti, mama," akajibu Kinyonga. Eneo la utafiti liliishia kwenye mkwaju, hatua ishirini kabla ya gogo.

"Na hao wa mbuyuni wakifika kwenye mkwaju, wanapaa?"

"Hilo si swali la kitaalamu."

Mwenyekiti wa Kamati ya Ardhi na Njia alikuwa Mzee Kiboko. Mzee huyu alizaliwa mtoni na hajawahi kuhama. Hutoka majini usiku kwenda kula majani, njia ikiwa tupu, akarudi kabla jogoo hajawika. Habari za foleni alizisikia kama sisi tunavyosikia habari za theluji. Akapiga miayo, akauliza kama kuna mwingine mwenye neno.

Alikuwepo Mbayuwayu, aliyefika majuzi kutoka Ulaya akikimbia baridi, kama afanyavyo kila mwaka.

"Nimetua kwenye nyaya za wanadamu wengi," akasema. "Kariakoo ya Dar es Salaam mitaa yake ilipimwa kwa nyumba za chini, zile zenye ukumbi katikati na vyumba huku na huku. Leo viwanja vilevile vimebeba maghorofa, na mtaa haukuongezwa hata hatua. Mkokoteni, bajaji, lori la makontena na mteja aliyetoka Lubumbashi, wote wanagombea upana uleule. Mtasema tupanue. Nairobi walipanua barabara ya Thika, ikakamilika 2012. Nyumba za kupanga zikaifuata mpaka Ruiru na foleni ya asubuhi ikarudi mahali pake. Mwaka 2022 wakafungua nyingine upande wa Mombasa Road, sehemu yake ikiwa juu ya nguzo, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands. Mwenye gari na pesa ya ushuru hupita juu. Mtembea kwa miguu yuko chini bado, anatafuta pa kuvukia."

"Fupisha," akasema Kiboko.

"Nafupisha. Uingereza wana sheria ya 1990 inayoiruhusu halmashauri kumfunga mjenzi kwa mkataba: lipia njia, lipia kituo cha basi, ndipo kibali kitoke. Na California, katika tathmini zao za mazingira, tangu Julai 2020 hawahesabu tena magari yatachelewa kiasi gani. Wanauliza nyumba mpya zitawalazimisha watu kuendesha umbali gani. Kipimo cha zamani kilikuwa kikimwadhibu anayejenga mjini na kumsifu anayejenga porini, kwa kuwa porini njia ni nyeupe. Halafu wa porini ndio wanaosafiri mbali kuliko wote. Bwana Nyani ajenge. Nyani lazima walale mahali, na heri walale karibu na mto kuliko kuvuka mbuga kila siku. Ila daraja lije kwanza."

Kiboko akamgeukia Kobe, karani wa kamati. "Huyu ni mkazi?"

Kobe akapekua daftari. "Hana kiwanja, Mheshimiwa. Hulala kwenye mapaa ya wenzake."

Maneno ya Mbayuwayu yakafutwa katika kumbukumbu za kikao.

Kibali kikatoka, tena na masharti, maana Mzee Kiboko hakutaka aambiwe anapendelea. La kwanza, kila nyumba ya mbuyuni iwe na mazizi mawili ya punda, ili punda wasiegeshwe njiani. Familia za nyani zilikuwa hazina punda hata mmoja. Tangu lini nyani akapanda punda? Lakini zilipokuta mazizi yamo ndani ya kodi, na kodi imeshalipwa, zikaona ni uzembe kuyaacha matupu. Kabla ya masika kupita, punda mia mbili na arobaini walikuwa wakitoka mbuyuni kila alfajiri kwa mlango mmoja.

La pili, Bwana Nyani apanue njia mbele ya kiwanja chake. Aliipanua kweli, hatua arobaini. Aliipata nafasi hiyo kwa kukata ukingo waliokuwa wakipita kina kanga, na ambapo Mama Panya alikuwa akiuza karanga. Punda wakapata hatua arobaini za kukimbia ili wawahi kusimama kwenye mkwaju. Vifaranga wa Mama Kanga wakawa wanavuka mbiombio, na msimu ule alirudi nyumbani na saba.

Baadaye Mbega naye akaomba kibali, kisha Ngedere, kisha Tumbili na shemeji zake. Kila mmoja alileta barua ya Kinyonga, na kila barua ilisema mitatu katika mia. Katika barua ya kumi na saba Kinyonga alisahau kubadilisha jina, ikasomeka kwamba mbuyu wa Ngedere mdogo unajengwa na Bwana Nyani. Kamati iliipitisha hivyo hivyo. Njia ilipokuwa haisogei tena, swala wakaanza kuchukua abiria mgongoni na kuruka juu ya vichwa vya waliokwama, nauli mbele. Waganga wa kuunga mifupa walifanya biashara nzuri mwaka ule.

Kobe si mwepesi wa miguu, lakini hapotezi karatasi. Usiku mmoja alizitoa barua zote katika vyungu vyake, thelathini na nne, akazijumlisha. Hakuna aliyewahi kufanya hivyo, kwa sababu hakuna aliyeagizwa. Kila barua ilikuwa imeihesabu njia kana kwamba zile thelathini na tatu hazipo. Jumla ikaja mia na mbili kwa kila mia ya mwanzo, na punda hawamo. Daraja lilikuwa gogo lilelile.

Mama Kanga akaibeba jumla hiyo mji mzima, mpaka Mzee Kiboko akaitisha kikao cha dharura ukingoni mwa mto, saa mbili asubuhi. Wajumbe kumi na wawili, akidi saba. Kobe alianza safari jana yake. Bwana Nyani, aliyekuwa amechaguliwa mjumbe, alikuja kwa matawi. Kiboko alikuwa pale tangu usiku. Saa tano walikuwa bado watatu, na mmoja wao ni karani.

Saa sita swala akatua katikati yao, anahema, amebeba ujumbe wa wajumbe kumi waliokwama kwenye mkwaju. Wanaomba radhi. Wanashauri ajenda ya jumla ya barua isogezwe mpaka baada ya mavuno. Na wanakumbusha, kwa heshima, kwamba wametoka nyumbani alfajiri, kwa hiyo posho ya kikao ni haki yao.

"Akidi haijatimia, Mheshimiwa," akasema Kobe. "Hatuwezi kuamua chochote."

"Posho haihitaji akidi," akasema Bwana Nyani.

Kiboko akauliza italipwa kutoka fungu gani. Kobe akafungua daftari, akalisoma ukurasa kwa ukurasa. Fungu pekee lililokuwa halijaguswa mwaka mzima lilikuwa la daraja.