Nguruwe Akikupitia Juu ya Kichwa: Mwongozo kwa Mkwe Aliyealikwa

Siku baba mkwe wako Mwingereza atakapokuonyesha simu yake, tiketi mbili zinang'aa kwenye kioo, na kukwambia ya pili ni yako, jibu ni moja tu: "Ahsante, Baba." Usiulize Roger Waters ni nani. Mimi niliuliza. Mama mkwe aliacha kukata keki, mke wangu akanikanyaga chini ya meza, na mzee akanitazama kama ambavyo mimi ningemtazama Mpemba anayeuliza karafuu ni kitu gani.

Basi jifunze mapema, wala si mengi. Pink Floyd ni bendi iliyoanza London mwaka 1965. Waters alipiga gita la besi, akawa mtunzi mkuu wa maneno, akajitoa mwaka 1985 kwa ugomvi ambao mpaka leo haujapoa. (David Gilmour, mpiga gitaa, usimtaje mkiwa njiani. Mkwe wangu ana la kusema juu yake, na linachukua kutoka Reading hadi London.) Albamu yao ya 1973, The Dark Side of the Moon, ilikaa kwenye chati ya Billboard ya Marekani wiki 741 kufikia mwaka 1988. Humo mna wimbo wa fedha unaoanza kwa mlio wa sarafu. Waters alizirekodi kwa kuzitupia ndani ya bakuli la mkewe, aliyekuwa mfinyanzi. Habari ya bakuli iweke akiba, uitoe pale kimya kitakapozidi. Mimi iliniletea heshima ya takriban miezi mitatu.

Ila la kulijua kuliko yote ni la mate. Julai 1977 bendi ilikuwa inamaliza ziara katika Uwanja wa Olimpiki wa Montreal. Watu wanapiga mayowe, wanalipua fataki, anayesikiliza haonekani. Waters akamtemea mate shabiki mmoja aliyekuwa mbele. Baadaye akaona haya, na katika haya hiyo likamjia wazo: mbona usijengwe ukuta kati ya bendi na watu, yakaisha? Ndipo ikaja The Wall mwaka 1979, kisha maonyesho ya 1980 na 1981 ambamo mafundi walipanga matofali ya kadibodi jukwaani huku nyimbo zinaendelea, hadi wanamuziki wote wakapotea nyuma yake. Watu walifurahi mno. Waters alipolirudia onyesho hilo kati ya 2010 na 2013, alilipiga mara 219. Yaani mtu anakutemea mate, anajenga ukuta asikuone, nawe unapanga foleni kununua tiketi ukautazame ukuta. Kwetu hali hiyo ina jina, na ina waganga wake. Kule inaitwa roki.

Sasa mavazi. Mtu aliyezoea kwenda taarabu atakosea hapa moja kwa moja, maana atapiga pasi, atajifukiza udi, atatia na saa. Usifanye hivyo. Sare ni fulana nyeusi yenye picha ya albamu, na daraja la mtu linapanda kadiri fulana yake ilivyochujuka. Niliona mzee mmoja ambaye yake ilibaki kola, mabega na kumbukumbu. Watu walimpisha njia. Ukinunua mpya pale mlangoni utakuwa umejitangaza kuwa mgeni, nayo itakusuta usiku kucha kwa harufu ya rangi.

Usiku wangu ulikuwa Juni 2023, ziara iliyoitwa This Is Not a Drill, ukumbi wa O2 pale Greenwich. Ni lile hema jeupe lililofunguliwa mwaka 2000, lenye milingoti 12 ya manjano mfano wa miezi, na upana wa mita 365 mfano wa siku za mwaka. Februari 2022 dhoruba ililichana paa, kwa hiyo mtu wa pwani anayejua upepo unavyolitenda tanga ana haki ya kutazama juu mara moja kabla hajaingia. Ndani wanaenea watu wapatao 20,000. Begi lisizidi ukubwa wa karatasi ya A4, kipimo kisichojulikana na sambusa thelathini alizokufungia mama yako. Zimalizeni kwenye treni. Mkwe wangu alikula tisa, akasema hana njaa.

Jirani wa kiti atakuuliza unatoka wapi. Ukisema Zanzibar, jiandae: atafumbua macho na kulitaja jina la mwimbaji Freddie Mercury, kana kwamba mlikuwa mnachota maji kisima kimoja. Ni kweli alizaliwa Unguja mwaka 1946, lakini mimi nilizaliwa miaka mingi baadaye, tena mtaa mwingine, Ng'ambo. Usibishe. Tikisa kichwa taratibu kama mtu aliyefiwa. Mimi nilipewa bia, nikasema situmii, nikapewa soda.

Kabla Waters hajatokea, taa zikizimwa, sauti yake itakuomba uzime simu. Haya, ni adabu. Halafu itaendelea kusema, kwa lugha ambayo gazeti hili haliwezi kuichapa, kwamba kama wewe ni mmoja wa wale wanaoipenda Pink Floyd lakini siasa za Roger hawazitaki, basi bora ushike njia uende baa. Umeshalipa. Umeshaketi. Mwenye shughuli anakwambia toka. Kwetu hata mwenye harusi mchoyo hasemi hivyo, angalau anaacha pilau liishe lenyewe. Nilimgeukia mkwe wangu, ambaye amekipigia kura chama cha Conservative tangu afikie umri wa kupiga kura, nikitarajia ataudhika. Alikuwa anatabasamu kama bwana harusi. "Ananisema mimi," aliniambia sikioni, kwa fahari kabisa, akajiegemeza vizuri zaidi kwenye kiti.

Usitegemee kumwona Waters mapema. Jukwaa lilikuwa katikati ya uwanja, na juu yake ziliteremshwa skrini kubwa zilizopangwa mfano wa msalaba, zikaugawa ukumbi vipande vinne. Wimbo wa kwanza wote unatazama mji uliokufa kwenye skrini, unasikia mtu anaimba, humwoni. Ukuta tena, safari hii wa umeme. Ndipo skrini zinapanda polepole, na pale chini anatokea mzee mwembamba mwenye mvi, miaka 79, saizi ya njiti ya kiberiti ukimtazama kutoka viti vya juu. Piga makofi. Umemwona. Kuanzia hapo utamwangalia kwenye skrini kama waliobaki nyumbani.

Kucheza hakuna, na hili litakutesa. Kila mtu ana kiti chenye namba na amekikalia kama kiti cha mtihani. Kwetu wimbo ukikugusa unainuka, unajongea mbele kwa madaha na noti mkononi, unamtunza mwimbaji, na aliyekusudiwa kwa fumbo hilo anajua kwamba ni yeye. Hapa ukiinuka na pauni tano utaongea na mlinzi. Nilimkumbuka mwimbaji wetu wa taarabu Bi Kidude, Mungu amrehemu, aliyetutoka Aprili 2013 na umri ambao watu hawakuafikiana juu yake. Yeye alihitaji ngoma kiunoni na sigara. Lakini nisimwonee Waters. Bi Kidude hakuwa na watu 20,000 wa kuwakimbia.

Siasa zenyewe zitakuja, na zitakuja kwa herufi kubwa nyekundu na nyeupe: majina ya waliouawa na polisi, na marais wa Marekani kuanzia Reagan, kila mmoja na kosa lake. Lipo vazi refu jeusi la Waters la kuigiza dikteta, ambalo mwezi mmoja kabla lilikuwa limewafanya polisi wa Berlin wafungue uchunguzi; yeye alijibu kwamba ni kejeli dhidi ya ufashisti. Kwenye foleni ya choo watu wanabishana juu ya hayo. Wewe sema, "Gitaa limetulia leo." Na foleni ya choo cha wanaume, nikuonye, ndiyo ndefu. Ni ukumbi mzima wa wanaume wa miaka sabini, mapumziko ni mafupi, na vibofu ni vya zamani kuliko albamu.

Wimbo wao wa kuilalamikia shule utaufahamu hata kama hujui Kiingereza, maana ukumbi wote utaimba, walimu wastaafu wakiwa mstari wa mbele. Imba nao. Mwaka 1980 serikali ya makaburu wa Afrika Kusini iliupiga marufuku, baada ya wanafunzi weusi waliogomea masomo kuufanya wao. Nilimnong'onezea mkwe wangu habari hiyo. Hakuwa anaijua. Alininyooshea kidole gumba bila kuacha kuimba.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo hakuna mwongozo mwingine utakaokwambia. Kuelekea mwisho wa sehemu ya kwanza zinafuatana nyimbo mbili za kumkumbuka Syd Barrett, rafiki yao aliyeianzisha bendi pamoja nao, akili ikamchoka, wakaachana naye mwaka 1968. Kwenye skrini Waters anasimulia kwa maandishi mafupi mafupi. Hapo usimtazame mkwe. Mimi nilimtazama. Alikuwa amevua miwani na kuiweka kwenye goti moja. Mkono wa kushoto uko juu ya goti jingine, na vidole vinne vinatembea kwenye kitambaa cha suruali, vinabonyeza nyuzi ambazo hazipo, hakikosei hata kimoja. Miaka minane nimeoa kwao, sikuwahi kuambiwa kwamba mzee huyu alipata kuwa na gita la besi. Machozi yanateremka na hayafuti.

Kwetu mkwe humwoni akilia, na ikitokea, unaondoka ukachungulie mbuzi. Lakini umebanwa katikati ya mstari, kushoto kwako yeye, kulia kwako mtu wa Freddie Mercury. Usimguse bega. Usiseme pole. Ngoja. Wimbo unaofuata, kama kwamba walikujua, wanamwachia kondoo mkubwa wa kupulizwa, mweupe, anaelea juu ya vichwa vya watu. Mtazame kondoo. Mtazame kwa makini kama mnunuzi wa Idi. Ukirudisha macho, miwani imesharudi usoni.

Baada ya mapumziko anakuja nguruwe, naye pia ni mpira na hewa, anaongozwa kwa rimoti, na kwa upande wa wudhuu wako hana madhara. Ana ukoo. Wa kwanza alifungwa juu ya kituo cha umeme cha Battersea Desemba 1976, apigwe picha ya jalada la albamu ya Animals. Siku moja waliajiri mpiga bunduki wa kumtungua akikatika kamba. Siku iliyofuata wakaona ni gharama bure. Siku hiyo ndiyo akakatika. Akapaa hadi njia ya ndege za Heathrow, akavuruga safari, akaenda kuangukia shambani Kent. Huyu wangu aliruka kwa ustaarabu, akanipitia utosini karibu kiasi cha kuona mshono wa tumbo, na mimi mtoto wa Ng'ambo, niliyekulia chuoni kwa Maalim, nilijikuta nimesimama, nimenyoosha mikono, nataka kumgusa kitimoto.

Mwishoni bendi inashuka jukwaani ikipiga kwa mstari, mmoja nyuma ya mwenzake kama watu wa beni, na kupotelea mlangoni, nawe unabaki unalipigia makofi jukwaa tupu. Usisikitike sana. Waters mwenyewe aliitangaza ziara hiyo kuwa ziara yake ya kwanza ya kuaga.

Kwenye treni mkwe wangu alikaa kimya vituo vinne. Kisha akaniuliza nimependa nini. Jibu sahihi ni gitaa, au maneno, au Syd. Nilisema nguruwe.

Alifikiri. Akatoa kitambaa, akaifuta miwani.

"Wa mwaka 1977," alisema, "alikuwa mnene zaidi."