Njia saba za kutunza mafaili, kutoka kimeo cha Njombe hadi bingwa wa Makambako

Mvua za Njombe zikianza, radi moja tu umeme unaondoka, na kompyuta ya steshenari inazimika na hesabu za parachichi zikiwa wazi mezani. Hapo ndipo kila mtu mjini anageuka mtaalamu wa nakala rudufu. Nimewapanga wote. Ukibisha, njoo na hoja.

7. Kujitumia WhatsApp
Picha ya hati ya shamba ukiituma kama picha inabanwa, mpaka mhuri unaonekana kama umepigwa ndani ya ukungu wa saa kumi na mbili asubuhi. Itume kama dokumenti angalau. Hukumu: umejiandikia barua, hujatunza kitu.

6. Flashi moja ya ukoo mzima
Imening'inia kwenye uzi wa kitambulisho. Asubuhi iko steshenari ya stendi, mchana ofisi ya mbao, jioni kwa mchoma nyimbo. Inarudi na folda zote zimegeuka shotikati. Kama ni ya FAT32, video ya sendofu ikifika GB 4 inaikataa mlangoni. Hukumu: imesafiri kuliko konda wa Coaster, na haina chanjo.

5. Kukopi na kupesti kwenye diski ileile
"Mauzo", "Mauzo mwisho", "Mauzo mwisho kabisa". Diski ikifa, ndugu wote watatu wanazikwa siku moja.

4. xcopy
Sasa tumeingia jikoni. Programu haigusi diski kwa mkono wake: inauomba mfumo endeshi, nao unajibu. Mzee xcopy anaomba hivyo tangu DOS 3.2, mwaka 1986. Ila njia ya faili ikipita herufi 254, analalamika kwamba kumbukumbu haitoshi. Usikimbilie kununua RAM. Fupisha majina ya folda.

3. robocopy
Lori la mbao hili: mtandao ukikatika, linasubiri na kujaribu tena. Lakini ukiweka /MIR, inayolazimisha mwisho ufanane na chanzo, halafu ukavigeuza viwili hivyo, folda tupu inafagia nakala yako yote.

Na majibu yake ndiyo vituko. Programu ikiita CopyFile ya Windows ikajibiwa 0, imeshindwa. robocopy ikijibu 0, hapakuwa na jipya la kukopi. Ikijibu 1, imekopi salama. Kuanzia 8 ndiyo msiba. Kijana anayedhani 1 ni kosa atapigiwa kengele kila usiku ambao kazi imefanyika vizuri.

2. rsync
Ya Andrew Tridgell na Paul Mackerras, 1996. Kwenye mtandao inatuma vipande vilivyobadilika tu. Mwenye bando la wiki ataipenda kuliko mashemeji.

1. Nakala iliyopanda basi
Diski ya nje. Skripti inakopi usiku, inasoma kila jibu la mfumo, kisha inalinganisha heshi, yaani alama za vidole, za faili la huku na la kule. Asubuhi diski inapanda Coaster hadi kwa shemeji Makambako, kilomita 60 hivi. Njombe tunaota jiko la mkaa hatua mbili kutoka kwenye kompyuta. Moto ukishika, nakala ya kabatini inaungua na mwenzake.

Waulize Pixar. Mwaka 1998 amri moja ilifuta sehemu kubwa ya Toy Story 2, na nakala za studio zilikuwa mbovu bila mtu kujua. Iliyookoa filamu ilikuwa kompyuta nyumbani kwa Galyn Susman, aliyekuwa akifanyia kazi huko kwa sababu ya mtoto mchanga. Makambako yao ilikuwa nyumbani kwa mzazi.

Mnaosema kombe lilikuwa la rsync, njooni tubishane. Ila kabla hujaja, fungua faili moja kutoka kwenye nakala yako ya mwisho. Likigoma, kakopi kwanza.