Rock Lee Aenda Kwenye Ntheo

Ukitaka kuona vijana wa Kasikeu wakikosana hadi mtu avae viatu aondoke, usiwaulize habari za siasa. Waulize gita la mwisho liingie wapi.

Kwa msomaji asiye na kijana nyumbani: kuna watu ambao huchukua katuni za Kijapani, anime, wakazikata vipande na kuvipanga upya juu ya wimbo waupendao. Wenyewe huziita AMV. Zimejaa duniani, na nyingi za zamani zilikuwa na sura moja: Dragon Ball Z wanapigana, Linkin Park wanapiga mayowe. Huku Makueni, simu zilipopata programu za kukatia video, mtu mmoja mwenye kipaji au wazimu, bado sijaamua, aliwatoa Linkin Park akaweka benga ya Kikamba.

Na ikakaa. Benga yetu huanza kwa malalamiko: mwimbaji anaeleza taratibu nani alimwacha na nani alimdhulumu. Kisha maneno yanaisha, gita linashika kasi, na hata aliyekuja kudai kodi anatingisha bega. Sasa mtazame Rock Lee wa Naruto siku anayopigana na Gaara. Kwanza anahangaika tu, ngumi hazifiki. Halafu mwalimu wake anamruhusu avue vile vizito alivyofunga miguuni. Anaviachilia, vinatua, vumbi linapanda hadi juu. Hiyo ni benga tupu. Mwanabenga Kakai Kilonzo alifariki mwaka 1987, miaka 15 kabla ya Naruto kuonyeshwa kwenye runinga za Japani, lakini ungedhani yeye na bendi yake, Kilimambogo Brothers, walipewa taarifa mapema.

Ugomvi basi ni huu: vizito vitue gita likianza, au gita lianze vikishatua? Nimeusikiliza mjadala huu nikiwa juu ya boda boda kutoka Sultan Hamud, mwendeshaji akigeuka nyuma kunifafanulia huku barabara ikijiendea yenyewe. Mimi ni wa vumbi kwanza, gita baadaye. Anayesema vinginevyo hajawahi kuangusha gunia.

Wapo wanaotulaumu eti tunaharibu sanaa ya wenyewe. Lakini ile inayotajwa kuwa AMV ya kwanza ilikuwa mzaha mtupu. Mwaka 1982 Mmarekani Jim Kaposztas aliunganisha mashine mbili za kanda za video, akachagua mapigano makali kuliko yote ya Star Blazers, akayawekea wimbo wa Beatles wa kuhubiri mapenzi. Mwanzilishi mwenyewe alikuwa anacheka. Sisi tununie nini?

Shida ni kusambaza. Kwa miaka mingi stetasi ya WhatsApp haikuzidi sekunde 30, na benga haijui sekunde 30. Wimbo wa dakika sita ulitoka vipande kumi na viwili, na bando ikiisha katikati, kijiji kizima kililala Rock Lee akiwa bado anafungua kamba za mguu wa kushoto.

Halafu kuna salamu. Mwanamuziki wa benga akikumbuka marafiki na wafadhili wake, atawataja, ngumi iwe hewani au isiwe. Siku moja nilikuwa nikitazama uani, shangazi yangu akichagua ndengu kando, hana habari na Japani. Rock Lee akachomoka, gita likawaka, na mwimbaji akamsifu mfanyabiashara fulani wa hapa karibu kwa ukarimu wake. Shangazi akainua kichwa.

“Nani mkarimu?”

“Ni wimbo tu, shangazi.”

“Hebu rudisha nyuma.”

Nikarudisha. Akasikiliza mkono ukiwa ndani ya ungo, asiteme neno. Kumbe huyo mkarimu alichukua ndengu zake kwa mkopo tangu mavuno. Jioni alimpigia simu akataka kujua: kama pesa za kuimbiwa zipo, za ndengu ziko wapi? Alilipwa nusu. Sijasikia AMV nyingine iliyowahi kudai deni ikalipwa.

Lakini bunge letu hasa ni kwa kinyozi, kwa sababu ana tivii kubwa na tundu la flashi. Jumamosi moja aliketi kitini mzee mmoja wa heshima, msemaji wa ukoo wake, aliyekuwa akipeleka mbuzi wa ntheo, wale wa kufunga ndoa kwa mila ya Wakamba, mchana huo. Alitaka kunyolewa kawaida. Kinyozi akaanza na pembeni, akazunguka vizuri hadi juu ya masikio, jicho moja kichwani na jingine kwenye skrini. Rock Lee akashika kizito cha kwanza. Mashine ikasimama hewani. Hata mzee alinyamaza. Na hapo hapo stima ikapotea.

Tulingoja. Makasi hayakuwepo, na mbuzi walikuwa tayari kwenye pikapu wakilia. Pembeni palikuwa peupe, na utosini nywele zimebaki duara kama bakuli lililofunikwa. Nyusi za mzee ni nene tangu ujana wake. Hakuna aliyethubutu kusema alifanana na nani, ila kijana mmoja alitoka nje ghafla akidai anaitwa.

Mzee alivaa kofia akaenda. Huko ukweni, tulivyosimuliwa, mambo yalikwenda vyema hadi mtu aliposimama kuomba na kofia zikavuliwa. Wazee waliinamisha vichwa. Wajukuu waliokuwa wakipakua pilau wakapaza sauti kwa pamoja: “Rock Lee!”

Jumatatu mzee alirudi kwa kinyozi. Hakutaka kurudishiwa pesa. Alitaka kumwona huyo Lee, ajue ni wa ukoo gani. Tukamwekea AMV yote, benga juu, stima ikiwa imetulia. Vizito vikatua, akaitikia kwa kichwa. Gita likapaa, mguu wake ukaanza kupiga sakafu. Kisha mchanga wa Gaara ukambana Rock Lee mkono na mguu, ukavivunja.

“Kwani amepigwa?” mzee akauliza.

Tukakubali kwamba amepigwa.

Alimtazama kinyozi kwa muda. “Nitafutieni ile anayoshinda,” akasema. “Wakwe wanakuja kwangu Desemba.”