Vitenzi vya Ukaguzi
Kiingereza kina vitenzi vingi vya kuhakikisha mambo, ila vichache ndivyo vilivyozaliwa ofisini. *Check* kimetoka kwenye sataranji, mfalme anapobanwa. Asili yake ni *shah* wa Kiajemi. *Vet* ni kifupi cha jina la daktari wa mifugo: katika karne ya 19 alipimwa farasi, siku hizi hupimwa jaji. Kenya ilitunga sheria ya kufanya hivyo mwaka 2011, na magazeti ya Kiswahili yakaona heri kuwapiga waheshimiwa msasa. Bingwa wa vitenzi hivi ni *audit*, yaani “kusikia” kwa Kilatini, kwa kuwa zamani hesabu zilisomewa mkaguzi kwa sauti. Serikali nyingi zimeitunza maana hiyo kwa uaminifu: ripoti husomwa, ikasikika vizuri kabisa, kisha ikawekwa kabatini.