Kijana Wetu Yuko Timu Gani Leo?

Anayeshabikia Gor Mahia au Yanga ana neema moja ambayo pengine hajawahi kuishukuru: akiamka asubuhi, timu yake iko palepale alipoiacha. Inaweza kufungwa, kocha akafukuzwa, mishahara ikachelewa, lakini Gor iko Nairobi na Yanga iko Jangwani. Mimi sishabikii timu. Nashabikia vijana waliowahi kucheza hoki ya barafu katika Chuo Kikuu cha Minnesota, na kokote wanakotawanyikia baada ya chuo, moyo wangu hulazimika kuwafuata bila nauli.

Naishi Brooklyn Park, kitongoji cha Minneapolis chenye Wakenya wengi kiasi kwamba ukikosa unga wa ugali duka hili, utaupata lile. Mombasa nilikokulia, barafu ilikuwa ya kuhifadhia samaki. Magongo niliyoyajua yalichezwa nyasini, na marehemu baba hakuchoka kutukumbusha kwamba Kenya ilishika nafasi ya nne katika Kombe la Dunia la 1971 kule Barcelona. Hoki ya huku ni mambo mengine. Wanaume wanavaa vyuma vyenye makali miguuni, wanafukuza kidude cheusi cha mpira ambacho jicho la mgeni halikioni, na wakichoka kukifukuza wanapigana. Tiketi yangu ya kwanza nilipewa kazini na mtu aliyeiogopa theluji ya siku hiyo. Nikaingia ukumbi wa Mariucci, unaochukua watu wapatao 10,000, nikatoka sauti imekauka na nimeshajipatia wana ambao mama zao hawanijui.

Tabu ya wana hawa ni kwamba wengi wao si huru hata kabla hujawapenda. Klabu za ligi kuu, NHL, huchagua vijana kwa zamu kila mwaka, na kijana aliyechaguliwa anaweza kuendelea na chuo huku klabu ikishikilia haki ya kumsajili. Ni kama binti aliyeposwa akiwa bado shuleni: barua imepokelewa, wazee wameshakula, na siku yoyote watu wa upande wa pili wanaweza kubisha hodi. Wewe shabiki ni jirani tu, huna hata kiti kwenye kikao.

Phil Kessel alikaa chuoni msimu mmoja, wa 2005-06, kisha huyo, Boston. Halafu Toronto, Pittsburgh, Arizona, mwisho Las Vegas. Njiani akabeba Kombe la Stanley, ndilo kombe la NHL, mara tatu, 2016, 2017 na 2023, na akacheza mechi 1,064 mfululizo za msimu wa kawaida bila kukosa hata moja, rekodi ya ligi. Mimi nikipata mafua napiga simu kazini. Tena si mtu mwenye umbo la kukutisha. Waandishi wa Toronto walimsimanga mpaka kwa ulaji wake wa soseji za mkate. Aliposhinda kombe akapiga nalo picha likiwa limejaa soseji hizohizo. Mtu wa namna hii unamwachaje?

Lakini walionimaliza ni wale wa 2023. Kikosi kile kilikuwa na Logan Cooley, Matthew Knies na Brock Faber, na wote watatu walikuwa wameshachaguliwa na klabu za NHL. Wakafika fainali ya vyuo kule Tampa, Florida, dhidi ya Quinnipiac, chuo cha Connecticut ambacho jina lake bado linanishinda kutamka. Tukaongoza 2-0. Wakarudisha moja, na zikiwa zimebaki dakika chache wakasawazisha. Mapumziko kabla ya muda wa nyongeza ni marefu, nami nikaona niinjike chai, kwa sababu muda wa nyongeza wa hoki unaweza kwenda mpaka usiku wa manane. Sasa chai ya maziwa haina subira. Nikasikia mtangazaji akipandisha sauti wakati uleule maziwa yalipopanda. Nikachagua maziwa. Nikashusha sufuria, nikafuta jiko, nikarudi sebuleni na kitambaa mkononi, nikakuta watu wa Quinnipiac wamerundikana wakikumbatiana. Bao liliingia katika sekunde ya 10.

"Mechi imeanza?" akauliza mke wangu kutoka chumbani.

"Imeisha, Mama Zawadi."

"Na chai?"

Chai iliokoka. Kikosi hakikuokoka. Wiki haikuisha kabla Knies hajawa mtu wa Toronto na Faber mtu wa Minnesota Wild. Faber nikamsamehe papo hapo. Amezaliwa na kukulia hapa Maple Grove, na kuanza kulipwa karibu na nyumbani kwenu ni adabu ambayo wenzake wangeiiga. Cooley akasema atabaki chuoni mwaka mmoja zaidi. Nikafurahi, nikawatangazia mpaka watu wa kanisani. Julai akatia saini Arizona.

Hapo ndipo nilipoagiza jezi.

Naomba msomaji anielewe: nilifanya hesabu. Kijana alikuwa nambari tatu kati ya wote waliochaguliwa 2022, na mwaka wake mmoja wa chuo alikuwa na pointi 60, yaani mabao na pasi za mabao, katika mechi 39. Klabu gani ingemuuza mtu kama huyo? Na kweli, hakuuzwa. Klabu yenyewe ilikuwa haina uwanja. Ilikuwa mpangaji katika ukumbi wa chuo kikuu kimoja kule Tempe, usiofikisha watu 5,000. Kwa hiyo kijana wetu aliacha ukumbi wa chuo wa watu 10,000 akaenda kulipwa katika ukumbi wa chuo wa nusu yake. Nami nikaanza kukesha. Hata saa za Arizona zina ukaidi wake: sisi Novemba tunarudisha saa nyuma, wao hawazigusi, kwa hiyo mechi iliyokuwa ikianza saa tatu usiku kwetu ikahamia saa mbili bila kuniaga. Nilivaa jezi, nikakaanga karanga, nikawasha runinga, nikamkuta Cooley akipumzika baada ya kipindi cha kwanza.

Jezi yenyewe ilikuja nyeusi, ina mbweha wa jangwani aliyesimama kwa miguu miwili, ameshika gongo, rangi zake kijani na kahawia. Niliivaa kwenye chakula cha pamoja baada ya ibada. Mama mmoja wa kwaya akaniangalia kifua kwa muda.

"Baba Zawadi, huyo aliyesimama hapo ameokoka?"

Aprili 2024 wachezaji wote, makocha na vitu vyao wakapelekwa Salt Lake City, jimbo la Utah. Kijana hakuhama klabu; klabu ndiyo iliyoihama Arizona pamoja naye. Jezi yangu ikawa ya marehemu. Nikaagiza ya pili. Ligi ilikuwa haijapata hata muda wa kuibatiza timu, ikaitwa tu Klabu ya Hoki ya Utah, na kifuani pameandikwa UTAH. Nikasema afadhali, hapa hakuna mnyama wa kumshuku. Mwaka uliofuata ikaitwa Mammoth, yaani yule tembo wa kale mwenye manyoya, na jezi zikabadilishwa. Kijana mmoja, mkataba uleule, na mimi nina jezi mbili zilizopitwa na wakati.

Nilipaswa kujifunza kwa Blake Wheeler. Huyu alichaguliwa na Phoenix 2004, klabu hiyohiyo iliyokuja kuwa Arizona. Akacheza Minnesota miaka mitatu, kisha akakataa kusaini Phoenix, kanuni ikamwacha huru, akachagua Boston mwenyewe. Boston wakampeleka Atlanta mwanzoni mwa 2011. Miezi michache baadaye Atlanta ikahamishwa nzima hadi Winnipeg, Kanada, ambako Wheeler akawa nahodha. Na ile Phoenix aliyoikataa ilitoka wapi? Winnipeg, 1996. Nikilieleza hili watu hukumbuka ghafla kwamba wameacha kitu jikoni.

Walioko chini ya ligi kuu wana visa vyao. Huko timu zina majina ya hadithi za watoto: Greenville ni Sungura wa Kinamasi, Savannah ni Maharamia Mizuka, Toledo wamejiita jina la samaki. Simu yangu hupokea ujumbe usiku kuhusu sungura na mizuka, na mke wangu aliwahi kuniomba nimwonyeshe kwa utulivu ni biashara gani ninayoifanya. Kisa kingine ni cha kijana mmoja niliyekwenda kumtazama Des Moines, Iowa, ambako Wild huweka wachezaji wao wa akiba. Ni karibu kilomita 400. Ukitoka Mombasa ungekuwa umeshapita Emali. Tukafika mimi na mke wangu, theluji imetufinya njia nzima, nikanunua ratiba mlangoni, jina lake halimo. Alikuwa ameitwa timu kubwa asubuhi ile. Usiku ule alikuwa Saint Paul, nusu saa kutoka mlangoni kwangu. Tulirudi kimya. Mama Zawadi alizungumza mara moja tu, kuuliza kama mafuta yatatosha.

Zawadi mwenyewe hana shida hizi. Alimchagua Taylor Heise, aliyecheza chuo hichohicho upande wa wanawake, akawa wa kwanza kabisa kuchaguliwa ligi ya kulipwa ya wanawake ilipoanzishwa 2023. Aliyemchagua ni nani? Minnesota. Wakachukua kombe 2024, yeye akitajwa mchezaji bora wa mtoano, na wakalichukua tena 2025. Timu ile nayo ilianza bila jina, baadaye ikaitwa Frost, lakini jezi ya Zawadi imeandikwa MINNESOTA, na Minnesota haijahama. Anaivaa shuleni. Ana miaka kumi na mmoja, na kwa hoki ana busara kunishinda mimi na Winnipeg kwa pamoja.

Jezi zote mbili za Cooley zinauzwa. Ni za ukubwa wa kati na zimevaliwa kwa adabu. Bei tutaelewana, na atakayechukua zote nitamwongezea kofia ya Boston ya enzi za Wheeler.