Gofu la Ugenini

Hawakosekani, miongoni mwa wasafiri wanaoteremka Garsen kunyoosha miguu na kunywa chai kabla ya basi kushika njia ya Lamu, waungwana waliojaaliwa kufika Heidelberg, kule Ujerumani, nao, ukiwapa sikio, watakusifia kasri lile lililo juu ya kilima, na mji mkongwe ulio chini yake, uliotunzwa kama mwali wa ndani, hata ukadhani wameujenga wao. Kasri hilo, kwa hakika, ni gofu: Wafaransa walilibomoa mwaka 1689, wakalirudia 1693, na hadi leo watu hulipa kiingilio kutazama kuta zisizo na dari. Ama magofu ya Ungwana, hapo karibu na Kipini, yenye misikiti na makaburi, ambayo James Kirkman aliyafukua akayatungia kitabu kilichotoka 1966, hayo hawajayaona, na udhuru wao ni kwamba yamebomoka. Na mji wa Witu, je, uliokuwa chini ya himaya ya Wadachi hadi 1890? Huo wausamehe: Waingereza waliutia moto Oktoba ya mwaka uleule, kwa hiyo, masikini, hauna la kupigwa picha.