Jiko Halikuhama

Ndugu yangu mwenye mke, watoto na mashemeji, nisikilize. Huku kwetu Mahege, Rufiji, mpunga ukianza kutoa masuke, nyumba nzima inahamia shamba. Alfajiri wanashuka kwelea, mchana tumbili, usiku nguruwe pori, na kiboko anapita saa anayotaka. Ndiyo maana mtu wa Rufiji ana dungu: kibanda chenye miguu mirefu, unalala juu, unapika juu, unapiga debe kufukuza ndege ukiwa hukohuko juu. Baada ya mafuriko ya 1968 serikali iliwahamisha watu kutoka bondeni ikawapeleka vijiji vya mwinuko, lakini mashamba hayakuhama. Dungu likazidi kuwa nyumba ya pili.

Letu lilichukuliwa na maji ya Aprili 2024. Nikasema basi, sasa najenga uani, juu ya tela. Pawatila italivuta hadi ukingoni mwa shamba, msimu ukiisha lirudi. Ekseli ilitoka kwenye gari bovu, fundi akachomelea chasisi, kuta zikawa za mianzi. Mikoko sikuigusa, kuikata bila kibali ni kosa, na kamba tunaowavua huku delta wanakulia kwenye mizizi yake.

Hapo ndipo familia ilipoingia kazini. Shemeji yangu, tunamwita Injinia kwa sababu aliwahi kuwa utingo wa Fuso, alidai taa za breki. Kitinda mimba wangu, Kwelea, mtoto asiyeshiba, alitaka dirisha karibu na sufuria. Mama mkwe aliingia na msala wake, akasimama, kilemba kikagusa paa. "Mkwe wangu, humu nitasalije?" Paa likapandishwa siku ileile. Ungefanyaje?

Mke wangu yeye alitaka jiko la udongo nyuma, penye mlango, moshi utoke. Sasa udongo ni mzito, na tela lina sheria yake: uzito mwingi ukae mbele ya ekseli kidogo. Ukizidi nyuma, mkono wa tela unanyanyuka na pawatila inayumba. Nilimweleza, nikamchorea mchangani. Akanitazama kwa upole kabisa.

"Baba Tunu, wewe unajua magurudumu. Mimi najua moshi."

Jiko halikuhama. Ekseli ndiyo iliyohama, ikasogezwa nyuma, na fundi akalipwa tena.

Kulitoa uani tulibomoa ua, tukapita juu ya matuta ya mchicha ya Mama Tunu, na hilo naambiwa mpaka leo. Shambani walijaa humo wote, mimi nikatandika mkeka chini ya tela, chandarua nimekifunga kwenye chasisi. Mama mkwe na Injinia ndio waliofukuza ndege asubuhi, kwa hiyo watoto hawakukosa shule msimu mzima. Hilo tu linanitosha.

Mpunga umeingia magunia, tela limerudi uani, na mama mkwe hataki kutoka humo. Ndugu yangu, ukiona ekseli nzima kwenye gari bovu, usiiache iende chuma chakavu. Mpe mwenye shamba la mpunga.